Pombe, Shugoshini na Ukimya wa Kiswahili Maabarani

Wapo wasomi, na baadhi yao ni wapenzi wakubwa wa Kiswahili, wanaodai kwamba lugha hii haijawahi kutia mguu katika maabara ambamo siri za seli hai huchunguzwa. Dai hilo si la kweli. Katika maabara za London, Kyoto, New York na Tokyo limo neno moja la Kiswahili linalotajwa karibu kila siku ya kazi, nalo ni pombe. Mnamo mwaka wa 1893, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Paul Lindner alieleza aina ya chachu aliyoipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Kigiriki kitupu, na inadokeza kuwa chachu hii hujigawa kwa kupasuka katikati badala ya kuchipuza ubavuni kama ifanyavyo hamira ya mikate. Sehemu ya pili haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa jarida hili.

Chachu hiyo ina kromosomu tatu tu, na kwa wepesi wake huo imewafaa sana wataalamu. Mwingereza Paul Nurse aliitumia kutafuta jeni inayoamuru seli ianze kujigawa, na mwaka wa 2001 akawa mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kule Kyoto, Mitsuhiro Yanagida na wanafunzi wake waliitumia kuchunguza namna kromosomu zinavyoachana. Kisha mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo waligundua ndani ya chachu iyo hiyo protini ambayo kazi yake ni kuzuia nakala za kromosomu zisiachane kabla ya wakati wake. Waliiita shugoshin, neno la Kijapani lenye maana ya roho mlinzi. Haukupita muda ikabainika kuwa binadamu naye anayo protini ya ukoo huo. Leo hii jeni ya binadamu inayoitengeneza huandikwa SGO1 duniani kote, na herufi hizo zimechotwa kutoka katika jina la Kijapani.

Tuseme kweli yote: ukoo wa chachu unaotumiwa sana maabarani siku hizi ulitokana na maji ya zabibu za Ulaya, si na nafaka zetu. Kwa hivyo jina ni letu lakini chachu yenyewe si yetu. Hilo ndilo linalonisumbua. Kiswahili kilitoa nomino moja, nomino ikachukuliwa na kwenda zake, na nyuma yake haikufuata sentensi hata moja. Kijapani nacho kilitoa nomino moja, lakini nomino hiyo ilitamkwa na watu waliokuwa wakiitazama protini yenyewe kwa macho yao, wakijadiliana kwa lugha yao kuhusu tabia zake, hata jina likawa limetoka katika maelezo. Tofauti baina ya hali hizi mbili haihusu fahari ya taifa. Nitajaribu kuonyesha kwamba ukimya wetu una watu unaowaumiza, na kwamba wengi wao ni akina mama.

Kwanza sharti tuelewe mlinzi huyu analinda nini, maana hatuwezi kubishana juu ya istilahi za kitu tusichokijua.

Kila seli ya mwili wa binadamu, isipokuwa chache, ina kromosomu 46 zilizojipanga katika jozi 23: nusu zimetoka kwa mama, nusu kwa baba. Kabla ya seli kujigawa, kila kromosomu hunakiliwa. Nakala hizo mbili haziachwi zikazurura. Hufungwa pamoja kwa protini zenye umbo la pete ziitwazo kohesini, ambazo zilitambuliwa mwaka wa 1997 na vikundi viwili vya watafiti, kimoja Ulaya na kingine Marekani. Nakala zikiwa bado zimefungwa hivyo, nyuzi nyembamba za protini hutambaa kutoka ncha mbili za seli na kuzishika nakala, kila moja kutoka upande wake. Vuta nikuvute huanza. Pete ndizo zinazoufanya mvutano huo uwe na maana, kwa sababu kamba isiyofungwa popote haiwezi kukazika, na seli hutambua kuwa nyuzi zimeshika barabara kwa kuhisi mkazo huo.

Sasa hapa pana jambo la ajabu. Seli ya binadamu haingoji dakika ya mwisho ndipo ianze kuzifungua pete. Mapema kabisa katika mgawanyiko, pete zilizo kwenye mikono ya kromosomu hubandikwa alama za fosfeti, zikalegea na kuanguka. Kama kazi hiyo ingeendelea bila kizuizi, nakala zingeachana kabla nyuzi hazijashika, na kila moja ingeelea upande wowote: seli moja ingepata mbili na nyingine ingekosa. Lakini pete za pale katikati, penye sehemu iliyobinyika iitwayo sentromia, hazianguki. Kwa nini? Kwa sababu shugoshini amekaa pale. Wala hakai peke yake. Mnamo mwaka wa 2006 ilidhihirika kuwa ameshikana na kimeng'enya kiitwacho PP2A ambacho kazi yake ni kufuta alama za fosfeti. Kila alama inapobandikwa kwenye pete za sentromia, hufutwa papo hapo. Mlinzi huyu basi hapigani na adui kwa rungu. Anasimama na kitambaa mkononi, akipangusa.

Nyuzi zote zikishakamata, amri hutolewa. Protini iitwayo sekyurini, ambayo ilikuwa imeufunga mkasi, huharibiwa. Mkasi wenyewe, yaani separasi, huwa huru kukata pete zilizosalia. Kwamba pete hukatwa hasa, si kufunguliwa tu, kulionyeshwa mjini Vienna mwaka wa 1999. Nakala hizo huachana kwa pamoja, nusu kwenda huku na nusu kule. Watafiti walipoipunguza shugoshini katika seli za binadamu zilizooteshwa maabarani, kati ya mwaka wa 2004 na 2005, waliona kile walichokihofia: nakala ziliachana mapema na seli zikakwama katikati ya kazi.

Ipo pia aina ya pili ya mgawanyiko, ile inayozaa yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume. Huko kromosomu hupunguzwa nusu kwa kugawanywa mara mbili mfululizo. Katika awamu ya kwanza, kromosomu ya mama na ile ya baba huachana, lakini nakala za kila moja zinatakiwa ziendelee kushikamana hadi awamu ya pili. Kwa maneno mengine, mkasi hupita mara ya kwanza na pete za sentromia hazipaswi kuguswa. Katika mamalia kazi hii ngumu hufanywa hasa na ndugu yake SGO1, aitwaye SGO2. Ni katika mgawanyiko wa aina hii ndipo Wajapani walipomwona mlinzi katika chachu mara ya kwanza.

Msomaji atagundua kuwa katika aya hizo sikulazimika kuomba msaada wa Kiingereza. Nimekopa majina kama vile kromosomu, kohesini, fosfeti na separasi, na kuyavisha irabu zetu. Lakini vitenzi vyote ni vyetu: kufunga, kulegea, kubandika, kupangusa, kukata, kuachana. Nadharia yangu ni kwamba sayansi ya seli hukaa zaidi katika vitenzi kuliko katika nomino. Wanaoandaa istilahi wamejishughulisha mno na nomino, kana kwamba lugha ni kabati la majina. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutuandalia kamusi ya biolojia, fizikia na kemia miaka mingi iliyopita. Tuna haki ya kuishukuru. Lakini kamusi ni ghala, na ghala halipiki. Ni nani miongoni mwetu, hapa Kenya, aliyekwisha kuandika kurasa tatu mfululizo kwa kutumia maneno ya ghala hilo?

Nomino nazo zina mambo yake, sisemi kuwa hazina. Chukua kile ambacho Waingereza hukiita dada. Katika vitabu vyao, nakala mbili za kromosomu moja huitwa kromatidi dada, na seli mbili zinazotokana na seli moja huitwa seli mabinti. Nimewahi kukutana na tafsiri za Kiswahili zinazohamisha udugu huo mzimamzima. Mimi napinga. Katika Kiswahili, dada ana nafasi yake katika ukoo: yuko mkubwa na mdogo, na wawili waliozaliwa miaka kumi wakiachana ni dada bila ya kufanana hata ukucha. Nakala za kromosomu hazina mkubwa. Zimetokea wakati mmoja, zimefanana neno kwa neno, na zimeshikana tangu kutokea kwake. Mswahili anacho kiumbe cha namna hiyo, naye ni pacha. Kromatidi pacha ni istilahi inayomfundisha mwanafunzi jambo la kweli kabla hata hajafungua kitabu. Seli mabinti nazo ziwe seli wana, kwa kuwa mwana wetu hana jinsia na seli vilevile haina. Sentromia ningependa iitwe kiuno cha kromosomu, kwa sababu ndipo palipobinyika na ndipo nyuzi zinaposhikia, lakini najua wapo watakaoona jina hilo lina utani ndani yake.

Na shugoshini je? Tumwite bawabu? Bawabu hulinda mlango, na huyu halindi mlango bali fundo. Tumwite malaika? Hapo tutaingia katika mashauri ya dini ambayo biolojia haikuyaomba. Maoni yangu ni kwamba tumwache na jina lake la Kijapani, tulitie irabu ya mwisho tu, kisha tumweleze kuwa ni mlinzi. Kama tungependa ulimwengu uendelee kuliheshimu neno pombe katika jina la chachu, hatuna budi kuliheshimu jina ambalo wengine wamempa mtoto wao. Isitoshe, jina hilo limefaulu kwa sababu lina maana. Miaka kadhaa kabla ya 2004, wataalamu wa Marekani walikuwa tayari wameipata protini ya ukoo huo katika nzi wa matunda, na mwaka wa 1995 maabara ya Terry Orr-Weaver ikaonyesha mahali inapokaa kwenye kromosomu. Heshima ya utangulizi ni yao. Lakini jina lake lilikuwa MEI-S332, mithili ya nambari ya usajili wa gari, na nje ya duru za watafiti wa nzi ni wachache walioweza kulikumbuka.

Nimesema kuwa ukimya wetu unaumiza watu. Nifafanue.

Kwa zaidi ya miaka 30, vitabu vya sayansi vilisema binadamu ana kromosomu 48. Ilikuwa mwaka wa 1956, kule Lund nchini Uswidi, ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu vizuri na kupata 46. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walitangaza kuwa watoto wenye hali ya Down wana 47: kromosomu ya 21 ipo mara tatu badala ya mara mbili. (Gautier ndiye aliyezikuza seli hizo kwa mikono yake, na ilichukua miaka mingi kabla ya mchango wake kutajwa inavyostahili.) Tangu mwaka huo wa 1959, basi, inajulikana kwamba hali hii hutokana na hesabu ya kromosomu. Katika visa vilivyo vingi, kromosomu mbili zilizopaswa kuachana hazikuachana sawasawa wakati yai, au mara chache zaidi mbegu ya mwanamume, ilipokuwa ikitengenezwa.

Mke wa binamu yangu alijaliwa mtoto wa namna hiyo miaka michache iliyopita. Hospitalini, daktari mwenye haraka alimweleza kwa Kiingereza kwa muda wa dakika mbili hivi, akamwandikia neno refu kwenye karatasi, akamwita mgonjwa mwingine. Hakumtukana, wala hakusema uongo. Nyumbani ndiko maelezo ya Kiswahili yalikokuwa yakimngoja. Mama mkwe alimpakata mtoto, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Kwetu hatuzai hivi, mwanangu." Jirani mmoja alitaka kujua ni deni gani la mahari lililosahauliwa. Mwingine aliuliza kama mama huyo wakati wa mimba alimcheka mtu. Walikuwapo waliotaja jicho, waliotaja laana, na aliyetaja dawa za kupanga uzazi. Yote hayo yalisemwa kwa Kiswahili fasaha, chenye vitenzi, methali na takriri. Nilipokuwa nikiwasikiliza, niliwaza kuwa ushirikina una msamiati uliokamilika na wasemaji waliobobea, ilhali ukweli uliachwa pale hospitalini ukiwa umekunjwa katika karatasi, kwa lugha ambayo mama mkwe haisomi.

Ndiyo maana siwakubali wanaosema kwamba kuandika sayansi kwa Kiswahili ni anasa ya wapenda lugha. Mama huyu hakuhitaji kuwa mtaalamu wa biolojia. Alihitaji aya moja ambayo mtu angemsomea mama mkwe wake jioni, kila mtu asikie. Kwa mfano hii:

"Mama, kila chembe ya mwili wetu ina vifurushi 46 vya maagizo, na vimepangwa wawili wawili. Yai linapotengenezwa, kila wawili huachana, mmoja akabaki na mwingine akaenda. Wapo walinzi wa kuhakikisha hawaachani mapema wala ovyo. Mayai ya mwanamke huanza kutengenezwa angali tumboni mwa mama yake, yakasimama njiani, yakangoja miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Katika kungoja huko, vifungo huchakaa na walinzi hupungua. Safari moja wawili hawakuachana vizuri, na mtoto akapata kifurushi kimoja zaidi. Hakuna aliyekula kitu, hakuna aliyecheka mtu, hakuna deni. Hata mwanamke wa miaka ishirini humtokea."

Hakuna istilahi mpya hata moja katika aya hiyo, na kila sentensi yake ina kitu nyuma yake. Kwamba mayai husimama njiani kwa miongo kadhaa ni jambo lililothibitika. Kuhusu walinzi kupungua, mwaka wa 2010 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa katika mayai ya panya wazee kohesini na SGO2 vimepungua, na kwamba upungufu huo unaandamana na makosa ya kromosomu kuachana. Takwimu zinazotumiwa sana na madaktari zinakadiria kuwa mama wa miaka 25 ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya 1,250 wa kumzaa mtoto mwenye hali ya Down, na mama wa miaka 40 mmoja kati ya 100. Hata hivyo, kwa kuwa wanaozaa zaidi ni vijana, watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana. Atakayezitumia takwimu hizo kumlaumu mwanamke aliyechelewa kuolewa atakuwa amebadilisha tu vazi la laana.

Lawama hukaa katika majina pia, na hapa wanafunzi wa lugha tuna la kusema kuliko madaktari. John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka wa 1866, aliihusisha na watu wa Mongolia kwa sababu ya umbo la macho, na kwa karibu karne nzima Wazungu waliwaita watoto hawa kwa jina la taifa hilo. Mwaka wa 1961 kundi la wataalamu liliandika katika jarida la The Lancet kutaka jina hilo liachwe. Mwaka wa 1965 Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia baada ya wajumbe wa Mongolia wenyewe kulalamika. Jina lililokuwa limeandikwa katika vitabu vyote vya tiba liliondolewa kwa sababu watu waliotajwa walikuwa na sauti ya kukataa. Sisi bado tunasema zezeta na taahira, wala hakuna mjumbe wa kulalamika. Naona heri tuseme hali ya Down, si ugonjwa wa Down, kwa maana mtoto haugui kromosomu zake; ndivyo alivyo. Ugonjwa tuuache kwa yale yanayotibika au kuambukiza. Najua wapo wahadhiri watakaosema kuwa neno hali ni pana mno. Ni pana, naam, na upana huo ndio unaomfaa mtoto.

Mlinzi mwenyewe huweza kuwa na kasoro, japo kwa nadra sana. Mwaka wa 2014 wataalamu wa Kanada walieleza familia za Québec ambamo baadhi ya watu wamerithi, kutoka kwa wazazi wote wawili, kosa moja dogo katika jeni ya SGO1. Watu hao wana matatizo ya mapigo ya moyo na ya mwendo wa matumbo kwa pamoja. Kwa nini moyo na utumbo? Hilo ni somo la siku nyingine, lakini linaonyesha kuwa kazi za mlinzi huenda zinavuka mipaka ya kugawanya kromosomu.

Nazijua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni kwamba nchini Kenya sayansi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hivyo anayeandika biolojia kwa Kiswahili anawaandikia watu wasiokuwapo. Mama mkwe niliyemtaja yupo. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na haikusema kuwa kikome mlangoni pa kliniki. Pingamizi la pili huletwa na wenzetu wa fasihi, nalo ni kuwa kazi yetu ni riwaya, tamthilia na ushairi, na kwamba tukianza kuandika kuhusu protini tutakuwa wageni wa kila nyumba. Pingamizi hili nalionea huruma kidogo. Lakini hebu tujiulize: ni nani mwenye ujuzi wa kuchagua baina ya dada na pacha? Mwanabiolojia anajua kwamba nakala zimefanana. Mwanaisimu anajua kwamba dada hafanani. Istilahi mbaya huzaliwa pale mmoja wao anapofanya kazi peke yake gizani.

Lipo pingamizi la tatu ambalo ni zito zaidi, kwamba tutapotosha. Tashbihi ya pete, mkasi na mlinzi si seli yenyewe. Anayesoma anaweza kudhani protini ina macho. Hofu hii ina msingi, nami ningependa kila makala ya namna hii ipitiwe na mtu wa biolojia kabla ya kupigwa chapa. Ila tusisahau kuwa tashbihi hizo hatukuzitunga sisi. Waliomwita roho mlinzi walikuwa wataalamu wenyewe, katika mojawapo ya majarida makubwa ya sayansi duniani, na hakuna aliyewashuku kuwa wanaamini mizimu.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Siku ya Hali ya Down Duniani huadhimishwa tarehe 21 Machi, yaani siku ya 21 ya mwezi wa 3, kwa kuwa kromosomu ya 21 imo mara tatu. Umoja wa Mataifa umeitambua tangu mwaka wa 2012. Tutayarishe karatasi moja, kurasa mbili zisizozidi, kwa Kiswahili ambacho nyanya anaweza kukisikiliza bila mkalimani. Wanafunzi wa biolojia waikague kwa ukweli, sisi tuikague kwa lugha, na tuipeleke kwenye kliniki za watoto zilizo karibu nasi. Gharama yake haitazidi ile tunayotumia kwa chai katika kikao kimoja cha kamati. Anayeona kuwa kiuno hakifai kuitwa kiuno, au kuwa pacha amezidi kupendelewa, alete neno lake kabla ya karatasi kwenda kwa mpiga chapa, na alilete likiwa ndani ya sentensi kamili.